Saa ya Babu: Habari za Mitambo Bora ya Saa za Marekani na Njia ya Tabora

Mithali ya kale yasema: Uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Leo nataka kuwaeleza habari za kitu ambacho ni kinyume cha mkakasi, maana nje chake ni kikuukuu, na uzuri wake wote umefichwa ndani. Kitu hicho ni saa ya mfukoni iliyotengenezwa Marekani. Sikuandika habari hizi kwa kupenda vitu vya zamani tu. Niliziandika kwa kuwa palitokea shauri nyumbani kwetu, nalo shauri lilitaka maarifa kabla ya kukatwa.

Babu yangu alifanya kazi ya reli Tabora siku za utawala wa Waingereza. Msimamizi wake wa Kizungu alipokuwa akirudi kwao, wakati wa Uhuru, alimpa saa yake ya mfukoni. Babu alirudi nayo Ziba, na kila asubuhi aliitia ufunguo kabla ya kunawa uso. Alipokufa ilitiwa katika kopo la majani ya chai, ikakaa humo miaka mingi katika nyumba ya bibi.

Mwaka jana, baada ya pamba kuuzwa, alipita kijijini mnunuzi wa dhahabu mwenye pikipiki, na mizani ndogo, na chupa ya dawa ya kujaribia. Nyumba ya bibi ilikuwa ikivuja, ikitaka bati ishirini na nne. Baba mdogo alimwonyesha saa ile. Mnunuzi akaikwaruza pembeni, akaitonesha dawa, akataja bei iliyotosha kununua bati nane. Kisha akasema, "Mimi nachukua jumba lake tu. Mashine nitaitupa, haina kazi."

Nilikuwapo. Nikamwambia baba mdogo, "Baba, naomba siku thelathini, nijue kwanza tunauza nini." Akaniangalia, akasema, "Mwanangu, mvua haingoji masomo. Lakini siku thelathini nimekupa." Haya ndiyo niliyoyapata katika siku hizo.

Majira ya wazee wetu

Wazee wetu hawakukosa majira kwa kukosa saa. Walikuwa na jogoo la kwanza na jogoo la pili. Walikuwa na alfajiri, na mafungulia ng'ombe, na jua la utosini, na alasiri, na kurudi kwa mifugo zizini. Nasi tusemao Kiswahili hata leo twahesabu saa kwa jua: likichomoza na kupanda kidogo ni saa moja, likiwa utosini ni saa sita. Kwa hiyo mtoto wetu akitazama uso wa saa, huona akrabu fupi juu ya 7, naye husema saa moja, bila kufikiri kwamba amegeuza hesabu. Saa imetoka ugenini, lakini namna ya kuisoma ni yetu.

Hata misafara mikubwa ya Unyamwezi ilikwenda kwa majira hayo. Kabla ya jua kuchomoza barghumu lililia, wapagazi wakajitwika mizigo, kirangozi akatangulia na bendera, na jua lilipoanza kuwa kali msafara ukatua. Vijana wa nchi zetu walishuka pwani na pembe za ndovu, wakapanda bara na nguo, shanga na nyaya za shaba. Hivyo walikwenda na kurudi mwaka baada ya mwaka, wala hakuna aliyekuwa na saa mkononi.

Saa zilizosimama njiani

Saa za kwanza kupita njia ile kwa kazi maalumu zilikuwa saa za wasafiri wa Kizungu. Hawakuzichukua ili wajue wakati wa kula. Walizichukua ili wajue mahali walipo, na jambo hili yafaa kulieleza vizuri.

Dunia hujizungusha mara moja kwa saa 24, nayo imegawanywa katika digrii 360. Basi kila digrii moja ya kwenda mashariki au magharibi ni dakika 4 za jua. Tabora iko karibu digrii sita na nusu magharibi ya Dar es Salaam. Kwa hiyo jua hufika utosini Dar es Salaam, na Tabora hungoja kama dakika 26 zaidi. Msafiri mwenye saa iliyoshika wakati wa mahali pajulikanapo, akipima jua au nyota hapo alipo, huweza kuhesabu umbali wake kwa kulinganisha nyakati hizo mbili. Lakini ole wake saa yake ikikosea! Kosa la sekunde 4 katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta humpoteza karibu kilometa mbili. Kosa la dakika moja humpoteza kilometa 28 hivi, karibu mwendo wa siku mbili wa mpagazi mwenye mzigo.

Richard Burton na John Hanning Speke walitoka pwani katikati ya mwaka 1857, wakafika Kazeh, ndiyo Tabora, tarehe 7 Novemba, baada ya siku 134. Walikuwa na kronometa, yaani saa za kupimia zilizotengenezwa kwa uangalifu mkubwa kuliko saa nyingine. Zote zikaharibika safarini. Ikawabidi wafunge risasi ya bunduki katika uzi na kuibembeza, wahesabu sekunde kwa mwendo wake. Maana uzi wenye urefu upungukao kidogo tu na meta moja hutumia sekunde moja kwenda upande mmoja. Ndivyo ilivyokuwa: vyombo vya thamani vya Ulaya vilisimama, na kazi yake ikashikwa na uzi na kipande cha risasi.

Naye David Livingstone alipatwa na mkasa kama huo. Mwezi wa Januari 1867, katika nchi yenye utelezi iliyo kusini ya Ziwa Tanganyika, mchukuzi wa kronometa zake aliteleza akaanguka. Saa zikashtuka, zikabadili mwendo, na hesabu alizopiga baadaye za mahali alipopita zikapotoka. Hata siku za mwezi zilimpotea kwa maradhi na upweke. Henry Morton Stanley alipomkuta Ujiji, aliandika kwamba ni tarehe 10 Novemba 1871. Lakini hesabu ya Livingstone haikuwa hiyo, na wanahistoria wameibishania tarehe ile hata leo. Mkutano mashuhuri kuliko yote ya njia yetu, na siku yake haina yakini!

Livingstone alikaa Kwihara, karibu na Tabora, hata Agosti 1872, akaondoka kwenda kufa Chitambo mwaka 1873. Asubuhi ile watumishi wake Susi na Chuma na wenzao walifungua masanduku mbele ya mashahidi, na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyesoma shule ya misheni Nasik huko Bara Hindi, akaandika vyote vilivyomo. Miongoni mwa vitu hivyo vilikuwamo kofia yake, saa moja, na vyombo vya kupimia. Mtu yule aliyeandika orodha alijua kwamba saa si pambo. Wakaubeba mwili, na mizigo, na vyombo, wakafika Tabora mwezi wa Oktoba 1873. Hapo walimkuta Luteni Cameron, aliyetwaa baadhi ya vyombo vile kwa safari yake mwenyewe. Wao wakaendelea na mwili hata Bagamoyo, wakafika Februari 1874.

Natamani tulikumbuke jambo moja hapa. Vitabu vingi vyataja saa iliyoanguka, wala havimtaji mtu aliyeibeba. Sanduku la kronometa halikubebwa na punda wala gari. Lilibebwa na mtu aliyeambiwa asilitikise, naye akapanda milima na kuvuka mito nalo. Makosa ya mguu wake yameandikwa. Siku ambazo hakuteleza hazikuandikwa.

Nguo ya merikani na saa ya Marekani

Sasa tugeukie Marekani, kwa maana nchi ile haikuwa ngeni katika njia yetu. Tarehe 21 Septemba 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 balozi wao mdogo wa kwanza, Richard Waters, akakaa Unguja. Wafanyabiashara wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts, walileta nguo nyeupe ngumu ya pamba, wakachukua pembe na sandarusi. Nguo ile tuliiita merikani. Katika njia ya Tabora merikani ilikuwa ndiyo fedha: kwayo ulilipwa ujira, ukatolewa hongo, ukanunuliwa mtama na mbuzi. Biashara hiyo ilidhoofika wakati Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, tangu 1861 hata 1865, na nguo za Uingereza na Bara Hindi zikapata nafasi. Lakini jina la merikani halikufa.

Katika jimbo lile lile la Massachusetts, kando ya mto Charles, uko mji uitwao Waltham. Mji huo ulipata sifa kwanza kwa pamba: tangu mwaka 1814 hivi palikuwa na kiwanda kilichosokota nyuzi na kufuma nguo chini ya paa moja, nacho kilikuwa cha kwanza cha namna hiyo katika Marekani. Mwaka 1854 kikahamia hapo kiwanda cha saa, kilichoanzishwa mwaka 1850 mjini Roxbury na Aaron Dennison, Edward Howard na wenzao.

Wazo la Dennison lilikuwa geni. Uingereza na Uswisi saa ilitengenezwa na mafundi wengi, kila mmoja nyumbani kwake au katika karakana ndogo, na kila kipande kilichongwa kwa tupa hata kikubaliane na saa ile moja tu. Gurudumu likivunjika, ilikuwa lazima fundi alichonge jingine. Dennison alikuwa ametazama namna bunduki zilivyotengenezwa katika karakana ya serikali mjini Springfield, ambamo vipande vya bunduki moja viliingia katika nyingine bila kuchongwa upya. Akasema, kwa nini saa isiwe hivyo? Ikawa kazi ngumu sana, kwa kuwa vipande vya saa ni vidogo mno. Mwaka 1857 kampuni ilifilisika, ikanunuliwa na Royal Robbins. Lakini mashine zilizidi kutengenezwa, nyingi zikaendeshwa na wanawake wenye mikono mepesi, na wakati wa vita ile ya wenyewe kwa wenyewe askari wengi walinunua saa za Waltham za bei nafuu. Hata Rais Abraham Lincoln alikuwa na moja, ya daraja iliyoitwa William Ellery, nayo imehifadhiwa katika makumbusho ya Smithsonian huko Washington.

Baada ya hapo viwanda vingine vikatokea: Elgin karibu na Chicago, kilichoanzishwa 1864 na kutoa saa yake ya kwanza 1867; Illinois mjini Springfield ya jimbo lile la Illinois; Hampden; na Hamilton mjini Lancaster, mwaka 1892. Mwaka 1876 palikuwa na maonyesho makubwa Philadelphia. Mjumbe wa Uswisi, Edouard Favre-Perret, alizitazama saa za Waltham, akarudi kwao na kuwaonya mafundi wenzake kwamba wasipobadili kazi yao watapitwa. Wale waliokuwa wanafunzi walikuwa wamekuwa walimu.

Dakika nne za Kipton

Kilichozifanya saa za Marekani ziwe bora kupita kiasi kilikuwa reli. Nchi yao ni pana, na reli nyingi zilikuwa na njia moja tu. Treni mbili zikija kukutana, moja hukaa kando katika stesheni, nyingine ipite. Hakuna ukuta kati yao ila wakati. Zamani kila mji ulishika saa ya jua lake, hata tarehe 18 Novemba 1883 kampuni za reli zilipoigawa nchi katika majira machache yaliyokubaliwa na wote.

Lakini wakati uliokubaliwa haufai kitu ikiwa saa iliyo mfukoni yadanganya. Mwezi wa Aprili 1891, huko Kipton katika jimbo la Ohio, treni ya barua iendayo kasi na treni ya abiria ziligongana, watu wakafa. Husimuliwa kwamba saa ya dereva mmoja ilikuwa imesimama kwa muda wa dakika nne, kisha ikaendelea yenyewe bila yeye kujua. Dakika nne! Hapa kwetu mtu akichelewa dakika nne barazani hatuombi hata radhi.

Baada ya ajali ile Webb C. Ball, muuza saa wa Cleveland, aliwekwa kukagua saa za watu wa reli. Sheria zilizotungwa siku zile na zilizofuata zilikuwa kali. Saa iwe na uso wazi, mweupe, wenye tarakimu nyeusi zisomekazo upesi. Iwe na vito visivyopungua 17. Isikosee zaidi ya sekunde 30 kwa juma. Iwe imerekebishwa ishike mwendo katika baridi na joto, na katika mikao mitano: ikilala kifudifudi na chali, na ikisimama kwa namna tatu. Tena akrabu zake zisiweze kusogezwa mpaka mwenye saa afungue kioo na kuvuta kijiti kidogo kilichofichwa, ili asije akazisogeza bila kukusudia wakati wa kutia ufunguo.

Sekunde 30 kwa juma ni kitu gani? Juma lina sekunde 604,800. Basi ruhusa ya kukosea ni sekunde moja katika kila 20,160. Nawaomba walimu wenzangu waifanye hesabu hii ubaoni, kisha wawaulize watoto ni kazi gani nyingine ya mikono ya mwanadamu iliyo sawa kiasi hicho.

Yaliyo ndani

Niliichukua saa ya babu kwa fundi saa mzee mjini Tabora, akaifungua mbele yangu, akanipa kioo cha kukuzia. Nikaona maandishi yaliyochorwa juu ya vibao vya nikeli: American Waltham Watch Co., na chini yake jina la daraja, Crescent St., na maneno kwamba ina vito 21 na imerekebishwa katika mikao mitano. Nambari yake ni ya milioni 18 na zaidi. Kwa nambari hiyo yajulikana kwamba ilitoka kiwandani katika miaka iliyotangulia Vita Kuu ya 1914. Vibao vile vimepambwa kwa mistari ya mawimbi, mmoja baada ya mwingine, nayo hung'aa ikigeuzwa kwenye mwanga. Nikamwuliza fundi, "Mzee, pambo hili la nini, na mwenye saa haoni ndani?" Akajibu, "Ni salamu, mwalimu. Fundi wa kule alimsalimu fundi wa huku."

Kisha akanieleza kazi yake. Kamani iliyokunjwa ndani ya pipa dogo ndiyo nguvu. Magurudumu hupeleka nguvu hiyo mbele, na mwishoni kuna kijiti chenye ndimi mbili kinachoizuia na kuiachia, kuizuia na kuiachia, ili isitoke yote mara moja. Chenye kuamuru mwendo ni gurudumu la mizani, ambalo huenda na kurudi kwa nguvu ya kamani nyingine nyembamba kama unywele. Saa hii hupiga mara tano kila sekunde, mara 18,000 kila saa, na mara 432,000 toka jua kuchomoza hata lichomoze tena. Chuma kitupu kikisugua shaba mara nyingi hivyo kingekula mashimo. Kwa hiyo ncha za mihimili zimewekwa katika vito vya yakuti vilivyotobolewa. Vito hivyo ni vigumu, havilikwi upesi. Watu hudhani vimewekwa kwa thamani yake, kumbe vimewekwa kwa ugumu wake.

Na joto je? Joto hulegeza kamani ile nyembamba, saa ikachelewa. Basi ukingo wa gurudumu la mizani umetengenezwa kwa madini mawili yaliyoungana, chuma cha pua ndani na shaba ya manjano nje, nao umekatwa mahali pawili. Joto likizidi, shaba hutanuka kuliko chuma, ikazisukuma ncha za ukingo kuelekea ndani. Gurudumu likawa kama limepungua upana, likaenda upesi zaidi, na hasara ya kamani ikafidiwa. Nilipoelewa jambo hili nilinyamaza kwa muda. Mtu wa Massachusetts, mahali pa theluji, alikuwa amelifikiria jua la Oktoba la Unyamwezi asiloliona kamwe.

Nikauliza habari za jumba. Fundi akaligeuza, akanionyesha chapa ndani ya kifuniko: limedhaminiwa miaka 20. "Maneno haya," akasema, "maana yake si dhahabu tupu. Ni utando wa dhahabu juu ya shaba, na mwenye kulitengeneza aliahidi utando hautalika kwa miaka hiyo." Akaongeza jambo ambalo sikulijua: viwanda vya Marekani kwa kawaida viliuza mtambo peke yake, na mnunuzi akachagua jumba dukani, la dhahabu, la fedha au la nikeli, kadiri ya mfuko wake. Watu wengi wa reli walichukua mtambo wa juu kabisa na jumba la bei ndogo. Kwa hiyo jumba halitoi ushuhuda wa yaliyo ndani yake.

Na hapa ndipo msiba wa saa hizi ulipo. Mwaka 1980 bei ya dhahabu ilipanda mno duniani, watu wakayatoa majumba ya dhahabu, wakayayeyusha, na mitambo ikabaki uchi katika makopo na masanduku, mingi ikatupwa. Viwanda vyenyewe vilikuwa vimekwisha kufa. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza watu walizipenda saa za mkononi, na saa za mfukoni zikarudi nyuma. Mitambo na mashine za Hampden ziliuzwa kwa Warusi mwaka 1930, zikaanzisha kiwanda cha saa cha Moscow. Illinois ilinunuliwa na Hamilton, ikafungwa 1932. Waltham, baada ya kutoa saa zaidi ya milioni 30, iliacha kutengeneza saa 1957. Elgin, ambayo ilitoa karibu milioni 60, ilifuata katika miaka ya 1960, na Hamilton ikaacha kutengeneza saa Marekani 1969. Basi kila mtambo unaotupwa leo hauna wa kuurithi.

Saa na reli ya Tabora

Njia ya misafara nayo ilikufa kwa ajili ya reli. Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, waliifikisha reli Tabora mwaka 1912, na Kigoma mwanzoni mwa 1914. Safari ya miezi ikawa ya siku chache. Mzigo uliobebwa na vichwa vya mamia ya watu ukavutwa na gari moja, na vijana waliokuwa wapagazi wakawa wafanyakazi wa reli. Mwaka 1916 Wabelgiji waliingia Tabora, kisha Waingereza wakashika nchi, lakini treni haikuacha kufuata saa.

Katika desturi hiyo ndimo babu alimoingia. Baba yake alikwenda kwa barghumu. Yeye alikwenda kwa filimbi na ratiba. Bibi hunisimulia kwamba siku za kwanza babu aliona uchungu kuamrishwa na chombo kidogo, hata akikata mshahara wa mtu aliyechelewa aliona haya. Lakini baadaye alisema saa ina haki moja: haipendelei. Dakika yake ya bwana mkubwa na dakika yake ya mfagia njia ni moja.

Shauri lilivyokatwa

Siku ya thelathini tulikutana chini ya mwembe, bibi, baba mdogo, na sisi vijana. Niliwaeleza haya yote kwa ufupi. Niliwaambia kwamba jumba si dhahabu tupu. Kwamba anayelitaka jumba na kuutupa mtambo ni kama mtu achunaye ng'ombe ngozi na kuiacha nyama. Na kwamba tukishikwa na shida kubwa twaweza kuiuza saa nzima kwa mtu aijuaye, lakini isipasuliwe.

Baba mdogo alikaa kimya, kisha akasema, "Maneno yako nimeyasikia, mwanangu, na ni maneno ya mtu aliyesoma. Lakini hujanijibu. Paa la mama linavuja. Mtambo wako utazuia mvua?"

Swali lile lilikuwa la haki, wala halikujibika kwa historia. Nikasema nitatoa mshahara wangu wa miezi miwili, ndugu zangu nao wakataja chochote walichoweza, na baba mdogo mwenyewe akatoa fedha ya magunia ya pamba. Tulipata bati kumi na tisa. Tano zilizobaki tulizinunua mwezi wa tatu, na katika muda huo bibi alihamishia kitanda chake upande usiovuja. Sisemi kwamba ilikuwa rahisi. Yeyote anayewaambia watu watunze vitu vya kale, naye hayuko tayari kuchangia bati, afadhali anyamaze.

Kabla ya kutawanyika bibi aliomba saa. Fundi alikuwa ameisafisha na kuitia mafuta. Nikaitia ufunguo, nikampa. Akaiweka sikioni, akafumba macho. Tukamngoja. Halafu akasema, "Ndiye. Ndivyo alivyokuwa akiingia mlangoni."

Wasomaji wapenzi, katika nyumba nyingi za Tabora, Ujiji, Bagamoyo na kote ilikopita njia ile mna kopo kama lile la bibi. Msilitikise na kulikadiria kwa uzito. Fungueni kifuniko, someni jina na nambari, mwulizeni mzee kilikotoka, mkayaandike majibu yake siku ile ile. Maana saa iliyosimama fundi aweza kuiendesha tena, lakini mzee akinyamaza hapana fundi.